Nani anatia saini kifurushi cha maabara?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wenzangu wa maabara hulijua vizuri lakini hulisema kwa kunong'ona, nalo ni namna vyuo vikuu vyetu vinavyosafirisha kemikali, vimelea vya magonjwa na sampuli za utafiti kutoka mahali pamoja hadi pengine, ndani ya nchi na nje yake. Nilikuwa mteknolojia wa maabara katika chuo kikuu kwa miaka 29 kabla ya kustaafu, na katika muda huo nimefunga maboksi mengi nisiyoweza kuyahesabu. Mengine niliyafunga kama inavyotakiwa. Mengine, nakiri, niliyafunga kwa ujinga, na yalifika salama kwa kudra za Mwenyezi Mungu tu.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekuwa akikusanya wadudu katika nyanda za juu kusini alitutumia chupa 40 za wadudu waliohifadhiwa ndani ya spiriti. Alizipanga kwenye katoni ya biskuti, akashindilia magazeti katikati, akazungushia selotepu na kuipeleka stendi ya mabasi. Wakala alipomuuliza ndani mna nini, alijibu kuwa ni vitu vya chuo, na wakala akaandika kwenye risiti neno moja: vitabu. Katoni ikaingia kwenye buti la basi, juu ya magunia ya viazi na ubavuni mwa pikipiki ambayo tenki lake lilikuwa bado na petroli. Kabla ya kufika Chalinze abiria wa viti vya nyuma walianza kulalamikia harufu kali. Dereva akasimamisha gari, konda akafungua buti, na kwa bahati njema abiria aliyekuwa ameshuka kuvuta sigara alikuwa upande wa pili wa basi. Sisi tuliipokea katoni ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, nusu ya chupa zikiwa tupu, wadudu wamenyauka, na lebo zilizoandikwa kwa kalamu ya wino zimefutika zote. Kazi ya miezi kumi na minne ilikuwa imegeuka takataka.

Wasomaji ambao hawajawahi kufanya kazi na spiriti wangependa kujua hatari ilikuwa kubwa kiasi gani. Spiriti isiyo na maji huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto inapofikia nyuzi joto 13 hivi za Selsiasi, na ukiichanganya na maji mpaka ibaki asilimia 70, kama ile tunayohifadhia wadudu, kiwango hicho hupanda kidogo tu hadi nyuzi 17 au karibu na hapo. Sijui buti la basi lililopigwa na jua la saa nane mchana huwa na joto la nyuzi ngapi, lakini kufika 17 lilikwisha kufika tangu alfajiri. Cheche moja ya mlango wa chuma ingetosha.

Katika mkasa ule hapakuwa na mtu mwenye nia mbaya. Mwanafunzi hakufundishwa, alifundishwa kuwatambua wadudu kwa mishipa ya mabawa yao lakini hakuna aliyemwambia wadudu hao husafirishwaje. Msimamizi wake alitaka wadudu wafike na hakuuliza watafikaje. Wakala wa basi aliandika neno ambalo lingemwondoa mteja dirishani upesi. Nami niliyeipokea katoni nilifuta meza, nikafungua madirisha, na sikuandika ripoti yoyote. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi sasa, kwa sababu mwaka uliofuata mwanafunzi mwingine alituma katoni nyingine kwa njia ileile.

Mhariri, uzoefu wangu ni kwamba ugonjwa wote umejificha ndani ya maneno mawili matatu yanayoandikwa juu ya boksi: "vitu vya chuo", "sampuli", "vifaa vya maabara". Maneno hayo si uongo kamili, na ndiyo maana mtu mwaminifu anayaandika bila moyo kumsuta. Lakini mbebaji anayeyasoma hapati kujua kama ameshika vitabu, asidi, au bakteria wa tauni.

Nimetaja tauni kwa makusudi, kwani kipo kisa kilichopata kufika mahakamani ambacho kilianzia kwenye ardhi yetu. Thomas Butler alikuwa profesa wa tiba katika Chuo Kikuu cha Texas Tech nchini Marekani, bingwa wa ugonjwa wa tauni aliyeheshimika duniani, na mwaka 2002 alikuwa akifanya utafiti wake pamoja na wanasayansi wa Tanzania. Sisi tauni tunaijua. Katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, ilikuwa ikizuka mara kwa mara kuanzia mwaka 1980, kwa hiyo kuja kuitafiti hapa kulikuwa na maana. Mnamo Septemba 2002 Butler alituma vimelea vya tauni kutoka Marekani kuja Tanzania kwa kampuni ya kawaida ya vifurushi, bila leseni ya serikali yake ya kusafirisha nje kitu cha namna hiyo, huku karatasi za mzigo zikitaja "vifaa vya maabara" tu. Pengine jambo hilo lisingejulikana kamwe, ila Januari 2003 aliripoti kwamba vichupa 30 vya tauni havionekani katika maabara yake, na wapelelezi waliofika kwa makumi kuvitafuta wakaanza kufunua kila karatasi.

Ilipofika Desemba 2003 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia katika mengi ya mashtaka yaliyohusu kuingiza tauni nchini mwake na kusema uongo kuhusu vile vichupa, lakini lilimtia hatiani kwa makosa 47, ambayo mengi yalihusu fedha za mikataba ya utafiti, na matatu yalihusu kifurushi kile kilichokuja Tanzania. Mwezi Machi 2004 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Wanasayansi wengi wakubwa walimtetea, wakaona serikali ilimwonea mtu aliyeitumikia tiba maisha yake yote, na mimi nikisoma habari ile wakati huo niliwaunga mkono. Sasa naona mambo mawili kwa pamoja. Adhabu ilikuwa kali, na bado yule kijana aliyebeba kifurushi kile kutoka gari hadi gari, pengine hata hapa kwetu, alikuwa na haki ya kujua alichobeba.

Kwa usafiri wa anga, sheria zinazotuhusu hazikutungwa na nchi moja. Msingi wake ni Kiambatisho cha 18 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unaosimamiwa na shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, ICAO, na mashirika ya ndege hutumia kitabu cha kanuni cha IATA, chama chao cha kimataifa, kinachochapishwa upya kila mwaka. Kitabu hicho hugawa bidhaa hatarishi katika makundi tisa, kuanzia vilipuzi hadi kundi la mchanganyiko ambalo ndani yake zimo betri za lithiamu na barafu kavu, na maabara moja ya chuo yaweza kuwa na vitu vya makundi saba au manane katika chumba kisichozidi darasa la shule ya msingi. Kanuni nzito kuliko zote katika kitabu hicho ni kwamba wajibu wa kukitambua kitu, kukipa jina lake sahihi na namba yake, kukifunga na kukiandikia, ni wa mtumaji. Shirika la ndege hukagua na laweza kukataa, na wakala wa forodha husaidia karatasi, lakini saini ni ya mtumaji, na anayetia saini hiyo hutakiwa awe amefunzwa na mafunzo yake yarudiwe ndani ya kila miezi 24. Nawaomba wakuu wa idara wanaosoma barua hii wajiulize ni nani katika idara zao mwenye cheti cha namna hiyo ambacho hakijapitwa na wakati. Katika idara niliyofanyia kazi, kwa miaka mingi jibu lilikuwa hakuna hata mmoja, na vifurushi viliendelea kuondoka.

Ugumu wa kazi hii hauko pale watu wengi wanapodhani. Watu hudhani hatari hutegemea jina la ugonjwa, kumbe mara nyingi hutegemea hali ya kitu chenyewe. Chukua tauni hiyohiyo. Damu au usaha wa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na tauni kwa kawaida husafirishwa kama Kundi B, namba UN 3373 (A na B ni migawanyo ya vitu vyenye vimelea tu, si yale makundi tisa). Lakini mtaalamu akichukua usaha huo, akauotesha bakteria kwenye sahani ya maabara na kupata mamilioni ya vimelea hai, zao hilo huwa Kundi A, namba UN 2814, ambalo lina boksi lake, tamko lake la mtumaji lenye saini, na kikomo cha mililita 50 tu kwa kifurushi kinachopanda ndege ya abiria. Kifua kikuu nacho ni hivyohivyo: makohozi ya mgonjwa ni jambo moja na vimelea vilivyooteshwa ni jambo jingine. Marburg haina huruma hiyo; iwe damu, iwe kitu kingine chochote chenye kirusi hicho, yote ni Kundi A. Wakati Marburg ilipotangazwa mkoani Kagera mwezi Machi 2023, na tena Januari 2025, wenzetu wa sekta ya afya walilazimika kushughulika na sampuli za aina hiyo katika mkoa ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na ninaamini hapo nchi ilijifunza mengi kuhusu ufungaji na usafirishaji. Nasikitika kwamba elimu hiyo imebaki upande wa wizara na haijavuka barabara kuingia vyuoni.

Niruhusu nieleze boksi la Kundi B, kwa kuwa ndilo linalotoka vyuoni kwa wingi na ndilo linalofungwa vibaya kwa wingi. Lina matabaka matatu. Cha kwanza ni kichupa chenye sampuli, kisichovuja, kisichozidi lita 1 kama ndani mna kimiminika. Kinazungushiwa kitu cha kunyonya, pamba au karatasi maalumu, cha kutosha kunyonya kimiminika chote endapo kichupa kitapasuka. Nimeona watu wakiweka kipande cha pamba cha ukubwa wa kidole gumba kwa vichupa ishirini, na huko ni kutimiza sheria kwa macho. Cha pili ni chombo kingine kisichovuja kinachovipokea vichupa hivyo, na mojawapo ya hivyo viwili, cha kwanza au cha pili, lazima kiweze kuhimili tofauti ya shinikizo la kilopaskali 95 bila kuvuja, kwa sababu ndege ikipaa hewa inayozunguka mzigo hupungua nguvu na kilichomo ndani ya kichupa husukuma kifuniko. Kikopo cha chakula cha plastiki, ambacho nimekiona kikitumika mara nyingi, kifuniko chake huinuka kabla ndege haijakaa sawa angani. Cha tatu ni boksi gumu la nje, lenye angalau upande mmoja usiopungua sentimita 10 kwa 10, lenye alama ya mraba uliosimama kwa ncha na namba UN 3373 ndani yake. Kifurushi chote, kikidondoshwa kutoka kimo cha mita 1.2, ambacho ni kama kifuani pa mtu wa wastani, hakitakiwi kuvuja. Na mahali fulani, juu ya boksi au kwenye hati ya mzigo, liwepo jina na namba ya simu ya mtu anayewajibika. Nitarudi kwenye namba hiyo ya simu.

Barafu kavu yastahili kuelezwa kwa urefu, maana imezoeleka kiasi kwamba watu wameacha kuiogopa. Tangu miaka ya korona kila mtu ameiona, na vijana huichezea kwa kuitia majini ili moshi mweupe ufuke. Ile ni gesi ya kaboni dayoksaidi iliyogandishwa kwa nyuzi 78 chini ya sifuri, nayo haiyeyuki kuwa maji bali hurudi moja kwa moja kuwa gesi, na kilo 1 tu hutoa zaidi ya lita 500. Ndiyo maana sheria hutaka boksi lake lipumue. Mfanyakazi mwenzangu mmoja, mtu makini sana katika mambo mengine yote, alifunga deli la barafu kavu kwa selotepu pande zote ili baridi isitoroke, akaliacha stoo jioni ya Ijumaa. Usiku mlinzi alisikia mlipuko akadhani ni jambazi. Kifuniko tulikikuta juu ya kabati. Mwingine, nami ndiye, alibeba kilo 10 za barafu hiyo katika teksi kwenda uwanja wa ndege, madirisha yamefungwa kwa sababu ya kiyoyozi. Tulipofika Tazara dereva alianza kupiga miayo na mimi kichwa kilikuwa kinagonga. Tulipofungua madirisha tulijisikia vizuri baada ya dakika chache, naye akanambia labda ni njaa. Sikuwa na moyo wa kumweleza.

Ndani ya ndege hesabu hiyohiyo hufanywa na watu wenye ujuzi: uzito wa barafu kavu huandikwa juu ya boksi kwa kilo pamoja na namba UN 1845, rubani hujulishwa ipo kiasi gani na iko wapi, na kama kuna mbwa au vifaranga katika chumba cha mizigo, hiyo huangaliwa pia. Anayepunguza uzito kwenye karatasi ili asilipie zaidi, au anayesahau kuuandika, amewanyima watu hao hesabu yao. Liko pia kosa dogo la ufungaji ambalo hata wazoefu hulifanya. Barafu huwekwa kati ya chombo cha pili na boksi la nje, kamwe haiwekwi ndani ya chombo kilichofungwa, na chombo hicho cha pili lazima kishikiliwe kwa namna ambayo, barafu ikiisha kugeuka gesi baada ya siku mbili, hakitabaki kikigongagonga ndani ya boksi kama mbegu ndani ya kibuyu kikavu. Na humo ndani, mara nyingi, mna kifaa kidogo cha kurekodi joto ambacho mtumaji hakikumbuki kabisa, chenye betri ya lithiamu, ambayo nayo ina kanuni zake.

Kwa upande wa kemikali, kisa ninachowasimulia wanafunzi ni cha tarehe 3 Novemba 1973. Ndege ya mizigo ya shirika la Pan Am, Boeing 707, iliondoka New York kuelekea Uskoti ikiwa na takriban kilo 7,000 za kemikali miongoni mwa mizigo yake. Humo zilikuwemo chupa za asidi ya naitriki zilizopakiwa ndani ya maboksi ya mbao yaliyojazwa unga wa mbao, kitu ambacho fundi yeyote angekiona kinafaa kwa kuwa ni laini na kinanyonya. Lakini asidi ya naitriki ikigusana na unga wa mbao hutoa joto na moshi, na hatimaye moto. Chupa zilivuja, moshi ukajaa chumba cha marubani, wakajaribu kurudi kutua Boston na ndege ikaanguka mwanzoni mwa njia ya kutulia. Watatu waliokuwemo walikufa wote. Walioshughulikia mzigo ule walikuwa na karatasi, walikuwa na maboksi, na walikuwa na nia njema. Walichokosa ni mtu mmoja wa kusema kwamba asidi hii haikai na mbao. Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria mpya ya kusafirisha bidhaa hatarishi, na mkasa huu ulikuwa miongoni mwa sababu. Mpaka leo nikiingia stoo ya kemikali na kuona chupa za asidi zimelazwa kwenye maranda, mkono wangu huenda wenyewe kuziondoa.

Hapa nchini sheria hazikosekani. Ipo Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kitu chenye mionzi kina mwenyewe, Tume ya Nguvu za Atomiki iliyoko Arusha. Sampuli za binadamu zinazokwenda nje huhitaji makubaliano ya kuhamisha sampuli yanayopitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na za mifugo zina mlango wake wizarani. Nchi inayopokea nayo ina masharti yake. Marekani, kwa mfano, hudai kibali cha kuingiza vimelea kabla boksi halijaondoka huku. Taka za kemikali zinazovuka mpaka zinaangukia chini ya Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaotaka nchi ya upande wa pili iridhie kwanza.

Nitakuwa mwoga nikilaumu vyuo peke yake. Mtafiti kijana anayezunguka ofisi nne, kila moja ikimwambia aanzie kwa nyingine, huku sampuli zake zikisubiri kwenye friza ambayo umeme wake hukatika, siku moja atachoka na kuandika "vifaa vya maabara". Simtetei, ila ninaelewa njia iliyomfikisha hapo. Mamlaka zinazohusika zingeweza kukaa na vyuo na kuandika mwongozo mmoja wa Kiswahili, wa kurasa chache, unaoeleza kitu gani kinaanzia wapi na huchukua siku ngapi. Mashirika ya usafiri nayo, yakome kukataa kila boksi lenye neno kemikali pasipo kusoma zaidi, maana kanuni zenyewe zina milango ya haki. Wadudu wa yule mwanafunzi wetu, kama wangekuwa ndani ya vichupa visivyozidi mililita 30 za spiriti kila kimoja, vikiwa vimefungwa katika mifuko na boksi gumu lenye jumla isiyozidi lita 1, wangeweza kusafiri hata kwa ndege kihalali, kwa maelezo machache yaliyoandikwa kwenye hati. Alikuwa na chupa kubwa na spiriti nyingi kuliko haja, basi. Angemwaga spiriti ya ziada na kugawa mzigo wake mara tatu, tusingekuwa na habari ya kusimulia.

Ninachoomba kwa vyuo vikuu ni kidogo, ingawa najua kitaudhi baadhi ya maprofesa. Kila chuo kiwe na mtu mmoja au wawili, wenye mafunzo yaliyo hai, ambao bila saini yao hakuna boksi la maabara linalotoka getini, liwe linakwenda Ulaya kwa ndege au Morogoro kwa basi. Wapewe mamlaka ya kumwambia profesa hapana. Hili la mamlaka ndilo kiini, kwa sababu mteknolojia anajua mara nyingi kwamba boksi ni bovu, lakini anayelileta ni mtu anayejaza fomu ya tathmini yake ya mwaka. Gharama za maboksi sahihi, za mafunzo na za vibali ziandikwe katika bajeti ya utafiti tangu mwanzo, pale tunapoandika gharama za tiketi na posho, na mfadhili akiziona hatashangaa, atashangaa zikikosekana. Kwa safari za barabarani, boksi lenye kitu cha kuwaka au chenye vimelea lisipandishwe basi la abiria hata kidogo, na chuo kilicho na magari ya kupeleka viongozi semina hakikosi gari la kupeleka sampuli.

Mwenzangu mmoja niliyemsomea rasimu ya barua hii alisema kwamba tukifuata hayo yote utafiti utakufa. Nilimkumbusha boksi letu la sampuli za damu lililokaa siku tisa katika uwanja wa ndege wa nchi nyingine kwa sababu ya lebo isiyo sahihi, mpaka barafu ikaisha na damu ikaoza. Watu 200 walikuwa wamekubali kuchomwa sindano kwa ajili ya sampuli zile. Hakunijibu, akaomba chai.

Nilisema nitarudi kwenye namba ya simu. Wiki yangu ya mwisho kazini nilipewa kazi ya kukagua stoo, nikakuta maboksi sita yaliyokwisha kuandikwa, yakisubiri kusafirishwa, yote yakiwa na jina na namba ya mtu mmoja wa kupigiwa endapo kutatokea dharura. Niliipiga. Aliyepokea alikuwa kijana aliyehitimu miaka miwili kabla, sasa anafanya kazi benki mkoani Shinyanga, na alikuwa kwenye foleni ya mafuta. Aliniuliza kwa adabu ni maboksi gani, na ndani yake kulikuwa na nini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Dar es Salaam